Gundi ya Sigara

Tangu Faki akatazwe ngano na daktari, mkewe Mize hakutaka kuuona unga huo jikoni mwake. Chapati zikawa za mtama, maandazi yakasahaulika. Hata hivyo tumbo la Faki halikutulia, naye alizidi kukonda.

Alasiri moja Mize aliketi barazani akimsokotea mumewe sigara, kama alivyozoea tangu waoane. Alichovya kidole kwenye kikopo cha gundi, akapaka ukingo wa karatasi, akaubana. Faki akaipokea, akailamba kotekote ili isiungue haraka, akaitia mdomoni. Kisha akaitoa.

"Mke wangu, gundi hii unaipika kwa unga gani?"

"Wa ngano, Baba Tatu. Mwingine haushiki. Lakini usiwe na wasiwasi, nauficha kabatini kwenye nguo, mbali kabisa na chakula cha..."

Hakumaliza. Kidole chake chenye gundi kilibaki hewani.

Faki aliiweka sigara kwenye mkeka waliokalia. Aliushika mkono wa mkewe, akakifuta kile kidole kwa upindo wa kanga yake, polepole, mpaka kikakauka. Pale mkekani sigara ikaanza kufunguka yenyewe.