Mkate wa Mlangoni

Mji wetu humrudishia sauti, katika ukuta wa nyumba, kila marehemu ambaye ukoo wake umemtafuta katika kumbukumbu ukampata, na sheria hairuhusu kumzima tena. Mama alimtafuta Babu Mmadi, babu wa babu yake, kwa miaka mingi. Alikuwa mshona kofia aliyetoka Ngazija akalowea Unguja, akaoa, akatuachia ada moja: kila Ijumaa mkate wa ufuta wa kwanza huwekwa mlangoni, na haumegwi mpaka jua lizame. Sote tumekua na harufu ile.

Siku sauti yake ilipotoka ukutani, nzito, yenye kikohozi, mama alilia kama mtoto.

"Shikamoo, babu. Mkate wako uko mlangoni. Hatujauacha hata Ijumaa moja."

"Marahaba, mwanangu. Lakini ule si wangu, ni wa mke wangu Echati. Nilimwacha kwetu Ngazija nikamwambia natangulia, naye atanifuata. Atafika na njaa. Bado hajafika?"

Mama alinitazama. Hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia jina hilo.

Tangu hapo, kila mlango ukifunguliwa, ukuta huuliza, "Echati?" Tukijibu kuwa si yeye, hunyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomkondesha mama.

Jana alirudi kutoka sokoni, na ukuta ukauliza. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia akivua viatu taratibu.

"Ndiyo, mume wangu," alisema. "Nimefika."

Leo ni Ijumaa na mlangoni hapana mkate. Mama ameketi kando ya ukuta, anakula mkate wa ufuta ungali moto, na nikimwita "Mama" hageuki.