Ritifaa

"Weka ile ya tayari, Nyamizi," Daktari Mapunda alisema tena. "Mgonjwa hamsubiri fundi."

Nyamizi hakugeuka. Tangu asubuhi alikuwa akiijenga upya programu ya seva ya hospitali, ile inayoita wagonjwa kwa majina, kutoka kwenye msimbo, yaani maagizo yake yaliyoandikwa, maana ile iliyokuja imefungashwa tayari ilikata kila jina penye ritifaa, kile kialama cha ng'. Kosa alikwisha kulirekebisha. Lakini kila alipoijenga, mashine ilifika karibu na mwisho ikagoma, ikidai kipande kingine kisichokuwepo.

"Kialama chenyewe kidogo kuliko sisimizi," daktari alisema. "Na nje watu wamejaa hadi getini."

"Sisimizi huyo ni jina la mtu, Dokta."

Mashine ikagoma tena. Nyamizi akasonya, akafuta kazi yake yote, akaweka ya tayari. Ikakubali papo hapo.

Ukumbini, skrini ikawaka: "Ng, chumba cha upasuaji."

Ng'wandu mwenye kikohozi, Ng'homango mwenye jipu na Ng'wanani aliyembeba mwanawe wakasimama kwa pamoja, wakauelekea mlango mmoja.