Nzumari ya Matundu Saba

Mahfudhi, mweka hazina wa chama cha wakusanyaji wa ala za muziki, alitumwa sokoni auze gambusi ili chama kilipe kodi ya nyumba. Gambusi lilipata bei nzuri. Akarudi na nzumari.

Mwenye nyumba, Bwana Kheri, alikuwa amesimama mlangoni na kufuli lake mkononi, tayari kuwafungia.

"Pesa ziko wapi?" aliuliza Bi Tunu, mwenyekiti.

"Nilizipata zote, mama. Ila njiani nikaiona hii. Ina matundu saba! Zetu zina sita."

Bi Tunu akayahesabu kwa kidole. Hasira zikamwisha. "Saba kweli," akanong'ona.

"Wendawazimu nyie!" Bwana Kheri akafoka. "Lete hapa, iwe rehani."

Akaipuliza kwa ghadhabu. Ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa. Akapuliza tena, mashavu yamemvimba, mbuzi yuleyule.

"Ziba matundu kwanza, bwana," Mahfudhi akamwambia taratibu.

"Kwa mkono mmoja? Hebu nishikie hili!"

Mahfudhi akabaki kizingitini na kufuli wazi mkononi, huku vidole vya Bwana Kheri vikiziba matundu na sauti moja nyembamba ikianza kupanda.