Erika ya Chumba cha Baridi

Mjini Moshi, siku hizo za joto kali, baridi ya mashine iliruhusiwa kwa mimea ya mlimani tu. Nyumba iliyokabidhiwa mche ilipewa chumba kimoja cha nyuzijoto nane. Mche ukifa, au ukizaa mbegu na kurudishwa mlimani, chumba kilizimwa.

Kwa miaka sita Anaeli na mama mkwe wake walikula na kulala kando ya kichaka chao cha erika, wamevaa masweta, wenye furaha kuliko mtaa mzima. Erika hutaka udongo mchachu, maji ya mvua na mwanga mwingi.

“Majivu usiweke tena, Mama. Huu si mgomba.”

“Mgomba haukuwa na maringo hivi, mwanangu.”

Asubuhi moja kichaka kilijaa maua meupe kama vikengele. Mama alipiga vigelegele. Majirani waliingia bila hodi, wakala ndizi huku wakitetemeka kwa raha.

Walipoondoka, Mama aliuliza, “Kitabu chako kinasemaje juu ya kupogoa?”

“Maua yakinyauka, kata kabla hayajatoa mbegu. Kichaka huishi zaidi.”

“Kitabu kizuri hicho,” alisema Mama, ambaye hakuwahi kukisifu.

Dirishani mlima ulionekana mtupu hadi kileleni. Anaeli alifunga pazia, kisha akaenda kutafuta mkasi.