Siku ya Kampuni

Honi ya basi iliposikika barabarani, Ndunda aliivua saa yake haraka akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mwangangi, aliyeketi naye kwenye benchi la ukumbini, alicheka mpaka akakohoa.

"Unaogopa wakiiona watakunyima blanketi?"

"Nyamaza. Wanaingia."

Walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya sabuni kutoka Athi River. Kila Agosti kampuni iliwaleta kwenye makao haya ya wazee, mlimani juu kidogo ya mji wa Machakos, kuwaogesha wazee, kupika, kugawa vitu na kupiga picha. Wote walivaa fulana za manjano. Meneja wao alisimama uani akasema maneno yale yale ya mwaka uliopita, kwamba kampuni haiwezi kuchukua tu kwa jamii bila kurudisha. Wazee wakapiga makofi.

Ndunda hakusikia hata neno. Alikuwa akimtafuta Wangui, msichana aliyemhudumia mwaka uliopita.

Alimwona akija na beseni la maji ya moto, kitambaa kimefungwa kichwani, anatabasamu tangu mbali.

"Guka! Bado uko?"

Hivyo ndivyo Wakikuyu wanavyomwita babu. Ndunda alikuwa Mkamba kamili, lakini jina hilo aliliitikia kama alilopewa siku ya kuzaliwa.

"Niko. Ningeenda wapi?"

Wangui alipiga magoti, akamwosha miguu, kisha akachukua mkono wake na kutazama vidole.

"Ai, guka! Uko na kucha kama za kuku. Kwani hapa hakuna mtu wa kukukata?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Msichana alicheka, asijue kwamba mzee hakuwa anatania. Ndunda alikuwa ameziacha zikue kwa makusudi. Tangu mkewe Nzisa afariki, hakuna mtu aliyeushika mkono wake kupita muda wa salamu. Sasa uliwekwa kwenye kiganja chenye joto, kidole baada ya kidole, naye aliomba kimoyomoyo kucha ziwe ngumu, kazi isiishe upesi.

"Na watoto wako, guka?"

"Wako mbali. Wana shughuli nyingi."

"Hawaji kukuona?"

"Krismasi wanapiga simu."

Wangui aliendelea kukata.

Chakula kilipoiva, Syombua, mama msimamizi wa makao, alipita akigawa pilau. Alipofika kwa Ndunda alisita kidogo, akamtazama, kisha akampa sahani. Yakaja mablanketi. Ndunda alilisukuma lake kwa Mwangangi.

"Chukua. Mimi sisikii baridi."

Macho ya Wangui yalijaa machozi. "Huna kitu, guka, na bado unagawa."

Ndunda aliinamisha kichwa akajifanya anachambua mchele.

Baada ya chakula meneja alipiga makofi. Mwaka huu, alisema, kampuni ilikuwa imeleta shuka mpya, na kila mfanyakazi angemtandikia mzee wake kitanda. Mpiga picha angepita chumba hadi chumba.

"Twende," Wangui alisema, akimshika kiwiko. "Kitanda chako ni kipi?"

Ndunda alisimama mlangoni mwa chumba cha wanaume. Wazee walimtazama, kisha wakatazama pembeni. Mwangangi alikohoa tena, na safari hii hakuwa anacheka.

"Cha Mzee Ndunda ni kile cha dirishani," Syombua alisema kutoka nyuma yao.

Kilikuwa kitanda cha Reuben, aliyezikwa Julai. Wangui alitandaza shuka, akazikunja pembe vizuri na kuzichomeka chini ya godoro, akaupigapiga mto mpaka ukafura. Ndunda aliketi kitandani kwa tahadhari, mpiga picha akapiga, akaenda zake.

Wangui hakuondoka. Aliketi kando yake, akasema kwa sauti ya chini:

"Guka, mimi sina babu. Wote walikufa kabla sijazaliwa. Nimefikiria, mbona ningoje kampuni? Jumapili ijayo nitakuja peke yangu. Nitakuletea chakula cha nyumbani, tukae tu, tupige hadithi."

Hilo ndilo Ndunda alilokuwa akiliota mwaka mzima. Alifungua kinywa. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi, yote, tangu mwanzo. Akamtazama msichana yule, akaona jinsi uso huo ungebadilika.

"Usije," alisema.

"Kwa nini?"

"Usije tu, mama. Ngoja siku ya kampuni."

Wangui alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Meneja alikuwa akiita watu kwenye basi. Wangui aliinuka, akatoka, na mlangoni hakugeuka.

Ndunda alibaki ameketi mpaka mngurumo wa basi ukapotea mteremkoni. Kisha Syombua alikuja, akasimama mbele yake, akasema kwa upole:

"Mzee, nataka kufunga geti."

"Asante, Syombua."

"Mwaka ujao sitadanganya tena."

Ndunda aliitikia kwa kichwa. Aliinyoosha shuka pale alipokuwa ameikalia, akawaaga wazee, akatoka. Alitembea pole pole kuteremka mjini, akapita soko lililokuwa likifungwa, akashika njia ya Mumbuni. Mlinzi alimwona tangu mbali, akakimbia kufungua geti kubwa la nyumba ya orofa.

"Karibu nyumbani, mzee," alisema. "Leo pia hakuna aliyekuja."