Fulana ya Siku Saba

Yule baba aliishika fulana shingoni kwa mikono miwili, akaivuta kama anayekaba mtu. Mshono ukalia. Akaiweka pembeni, akachukua nyingine.

Chimène alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa presse, mashine ya moto ya kuchapia. Katika duka lake la kuchapa nguo, hatua chache kutoka beach, gati la mtoni ambako mashua za mbao, zile baleinière, hupakia abiria wa Isangi, alishaona wateja wa kila aina: wa harusi, wa matanga, wa kampeni. Wote walianza kwa kuuliza bei. Huyu hakuuliza.

Alikuwa amempangia mezani fulana tatu za vitambaa tofauti, bega kwa bega, akamwambia kama anavyomwambia kila mtu: "Papa, chagua yako." Baba akazitazama zile tatu, akazihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Ndipo akaanza kuvuta.

"Kamata hii ya coton," Chimène alisema, akijikaza. "Iko nzito. Batoto ba masomo bote banachukuaka hii. Hakuna mutu amesharudia kulalamika."

"Coton yako ninaijua. Mimi ninauliza hivi: ikilala mu fleuve siku saba, jina itasomeka?"

"Siku saba! Nani atalala mu mayi siku saba?"

"Na mutu akivimba ndani yake, mushono itaachilia?"

Chimène alikuwa na mdomo, na mara nyingi mdomo huo ulishakiponza kichwa chake, lakini siku hiyo alichukua kalamu. Akaandika oda: fulana moja, ya mtoto wa kike wa miaka kumi. Jina, BENIE, lichapwe mara nne: kifuani, mgongoni, kwenye mkono, na ndani ya pindo.

"Mara ine, juu ya nini, papa?"

"Samaki ikikula moja, ingine ibakie."

Alitaka majaribio kwanza. Chimène achape BENIE kwenye zile fulana tatu, azilaze kwenye pipa la maji ya mto pamoja na mchanga, na kila asubuhi azisugue kwa jiwe. Yeye angerudi siku ya saba. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Chimène hakula vizuri wiki hiyo. Kila alipoinua kifuniko cha pipa alikuta jina la mtoto limelala chini ya maji, akalisugua akiangalia pembeni. Alifikiri ni uchawi. Kisha akafikiri jambo baya kuliko uchawi, maana mtaani kwao alishaona mtoto akiitwa ndoki, yaani mchawi, na ndugu zake wenyewe wakikaa kikao kutafuta namna ya kumwondoa. Mtoto kama huyo akipotelea mtoni, nani atamuulizia? Lakini muuaji gani anaandika jina la anayemuua? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yule baba alikuwa na kimya kingi mno.

Siku ya saba alifika, amemshika mkono msichana mwembamba mwenye mkoba wa shule, anayetafuna andazi la beignet. Macho ya mtoto yalikuwa mazuri. Chimène alitamani asingeyaona.

Wakazitoa nguo pipani. Kwenye coton nzito, fahari ya duka, herufi za kubandika zilikuwa zimekunjamana; Chimène alipoigusa B ilibaki kidoleni. Ile ya mchanganyiko ilikuwa imebakiza N na I tu. Lakini ile nyepesi ya polyester, aliyozoea kuidharau, nguo ya matanga inayovaliwa siku moja, ilikuwa na jina zima. Wino ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi.

Baba akaivuta shingoni, akaisugua kwa kucha, akalisoma jina kwa sauti ya chini. "Hii. Fanya ya kipimo chake. Fanya sasa."

Chimène akapiga goti ampime mtoto kifua. Akamnong'oneza, "Benie, munaenda wapi?"

"Isangi, kwa mama. Na baleinière ya leo. Papa ananipeleka mupaka ku mayi."

Utepe wa kupimia ukamponyoka. Alisimama. Aliogopa kiasi cha kutaka kulia, lakini alijisemea liwalo na liwe. Akazima presse, akamvuta mtoto nyuma yake.

"Hata uniue, papa, hii kazi sifanye. Niambie kwanza: huyu mutoto amekukosea nini?"

Baba alimkodolea macho, haelewi. Kisha akaelewa. Akaketi sakafuni palepale, kati ya maji yaliyomwagika.

"Benie, ngoja inje."

Mtoto akatoka na beignet yake. Baba akaiokota fulana nzito ya coton, akaiweka magotini, akawa anailainisha mikunjo.

"Mwaka jana baleinière ilizama na dada ya Benie," alisema. "Alivaa hii coton yako, mama. Siku ya saba balinilalishia batoto banawake batatu ku muchanga. Sura hakuna, jina hakuna. Bakaniambia: 'Papa, chagua yako.' Nikachagua."