Gari la Esta Halitaki Kuwaka

"Atakayeligusa gari hili atanigusa mimi kwanza," alisema Esta, akapanda na kuketi kwenye kiti cha dereva.

Alijua anachofanya. Injini ya Hiace inakaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mwenye kiti ndiye mwenye injini. Nje alisimama mjomba wake, Alen, pamoja na fundi aliyemleta kutoka Tanga bila kumwuliza mtu. Fundi huyo, Sharifu, kazi yake ni kubadilisha injini tu, na sifa zake zilishafika mpaka kijijini kwao, Gare.

"Mjomba, nilikwambia sitaki fundi."

"Kwanza shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mjomba. Sitaki fundi."

Gari lenyewe Esta alilinunua likiwa bovu. Aling'oa viti vya abiria, akaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia aliyoshonewa na mama yake. Injini ya zamani ilikuwa imekufa kwenye kona za kupanda kutoka Mombo. Watu wakamshauri apeleke gari kwa wenye ujuzi, alipe, asubiri. Akawacheka. Akatafuta injini ya dizeli, akasimamisha magogo ya mkaratusi uani, akafunga cheni, akaitoa ya zamani na kuishusha mpya kwa mikono yake mwenyewe, akifuata video kwenye simu. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama, na wengi wao walikuja kucheka. Na hao waliocheka hata tairi wasingeweza kubadilisha.

Likiwaka tu, Esta anaondoka. Kampuni moja ya utalii kule Iringa ilikuwa inamsubiri yeye na gari lake, awe anazungusha wageni wanaopenda kulala porini. Iringa ni mbali, na kwa kazi ile angeonekana nyumbani kwa nadra. Mama yake, Paskalina, alikuwa mjane, na hakuwa na mtoto mwingine.

Lakini gari halikuwaka. Padri aliitwa mara mbili kulibariki kabla ya safari, na mara mbili akarudi parokiani akiwa amebariki chuma kilichonyamaza. Jioni Esta alikuwa anasema kila kitu kiko sawa, kesho linawaka. Kesho yake linakohoa kidogo na kuzima. Majirani wakapata la kusema. Hidaya, mwenye duka la jirani, alisema waziwazi kwamba kazi ya wanaume imemshinda binti wa watu.

"Mwacheni mwanangu," Paskalina aliwajibu kila mara. "Hata likikaa mwaka mzima, atalimaliza mwenyewe." Gare nzima hakukuwa na mama aliyemtetea mtoto wake namna ile.

Sasa kampuni ilikuwa imepiga simu: Esta afike wiki hiyo, au nafasi apewe mwingine. Ndiyo maana Jumapili hii, mara baada ya misa, Alen alimpandisha Sharifu mlimani.

"Shuka, mwanangu," Paskalina alisema, akisogea mlangoni pa gari.

Esta alimgeukia kwa hasira. "Hata wewe, mama?"

"Shuka."

Akashuka, akaubamiza mlango. Sharifu akainua kiti, akachungulia, akapapasa mabomba. Akakaza kitu kwa spana, akatoa hewa kwenye mafuta, akapiga stata. Injini ikanguruma mpaka kuku wakakimbilia migombani. Alen akapiga makofi. Esta peke yake hakufurahi, na wote wakaona ni kiburi kimemshika.

"Binti, umeifunga vizuri sana," Sharifu alisema. "Kosa si lako. Kuna mtu anakuja hapa kulegeza nati ya bomba la mafuta, pampu inavuta hewa, gari haliwaki. Tazameni wenyewe. Kingo za nati zimeshaliwa na spana."

Alen akaanza kuwataja majirani mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Hidaya.

"Usiwasingizie watu," Paskalina alisema. "Ni mimi. Esta aliwahi kunionyesha ile nati, akaniambia ikilegea kidogo tu gari haliendi popote. Nikailegeza. Niliiogopa nyumba hii bila yeye. Nilishaungama kwa padri, na sasa naungama kwenu."

Alen alitazama chini kwa aibu, kama vile yeye ndiye aliyekosa.

"Mara ngapi, dada?" aliuliza.

"Mara moja. Siku ile padri alipokuja mara ya kwanza. Roho iliniuma mno, tangu hapo sijaigusa tena."

Sharifu akatikisa kichwa taratibu. "Mama, nati hailiki hivi kwa mara moja. Hii imelegezwa na kukazwa siku nyingi."

"Naapa, mwanangu. Mara moja tu."

Esta akaingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Mama hasemi uongo," alisema. "Hizo nyingine zote ni mimi. Hata mimi niliogopa kumwacha."